Salamu ya Mlangoni

Giakanja,
Jumamosi jioni, mwezi wa saba.

Theuri,

Nani alikutuma umpigie mwalimu mkuu simu na kumfokea kama mlevi uliyemkamata barabarani? Mimi nilikuwa nimeketi hapo hapo ofisini kwake. Sauti yako ilisikika mpaka kwa watoto waliokuwa wakiosha vikombe nje, wakaacha kuosha. Ati ukifika utamfundisha kazi. Umfundishe kazi Kinuthia, mtu aliyekushika mkono ukiandika jina lako wakati ulikuwa bado unakula chaki! Niliona aibu nikajifanya natafuta kitu kwa kikapu.

Sasa nikusalimie, maana mimi sikulelewa vibaya. Hujambo? Mgongo wako umepona? Huko Marsabit joto linakuonea huruma? Sisi huku ni baridi tupu. Mlima hatujauona tangu mwezi uanze, ng'ombe amepunguza maziwa, na mimi nalala na soksi. Lakini tuko hai, Mungu ashukuriwe. Mkeo Wendy ni mzima, duka lake la mitumba kule Majengo linaenda hivyo hivyo. Barua hii anakuletea Peterson, mwenzako wa kambi ya polisi, ambaye likizo yake imeisha na amepita hapa akitoka kwao Mweiga. Nimeandika kwa sababu kwa simu wewe hukatiza watu. Hapa huwezi kunikatiza. Nilifika darasa la tatu tu lakini mkono wangu unasomeka, kwa hivyo usijifanye hausomeki.

Jambo ni la mtoto wako. Wewe umesikia upande wake kwa simu, akilia, ukaamua kesi kama jaji. Sasa sikia yote.

Unajua kwamba mwaka huu madam Tabby, mwalimu wa gredi ya nne, alimfanya Kagure kuwa monita. Ulifurahi ukatuambia yeye ni kiongozi kama nyanya yake, yaani mimi mama yako. Kazi ya monita ni kuangalia darasa likiwa halina mwalimu: anayetaka kwenda choo anamwambia monita, monita anamruhusu, basi. Kuna msichana mgeni kwa hilo darasa, anaitwa Emmah, baba yake ni Wasike wa idara ya maji, na mama yake ni Gaudencia, yule nesi wa dispensari yetu ambaye hunipima presha. Ni watu wa kutoka magharibi, na mtoto hajui Gikuyu hata cha kuombea maji.

Wiki iliyopita walimu walikuwa kwa mkutano. Emmah aliinua mkono akasema anataka kutoka. Kagure akamwambia kwanza asimame mbele, ainamishe kichwa, amsalimie kama watu wanavyomsalimia mwanamke mzee, kwa Gikuyu, na amwite Cucu, yaani nyanya. Mtoto wa watu hakujua maneno. Akajaribu, akakosea. Kagure akamwambia arudie. Akarudia, darasa lote likacheka. Akaambiwa arudie tena, na mguu mmoja uko juu ya mwingine. Theuri, mtoto alijikojolea pale mbele, sketi ikalowa, soksi zikalowa, na wako akamwambia ati ona sasa, ungesalimia vizuri ungekuwa umeshaenda na kurudi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Hiyo hukuambiwa, si ndiyo? Madam Tabby aliuliza watoto mmoja mmoja, wakasema huyo monita hubebewa begi tangu muhula uanze, hupewa uji wa kwanza, na asiyemsalimia asubuhi hatoki mpaka saa ya chakula. Moffat, mtoto wa fundi wa baiskeli, ndiye aliyekuja kutueleza pale ofisini. Alisimama kama Kagure, mkono kiunoni, akatuonyesha anavyosema: hapa kwangu hakuna kupita kama ng'ombe, asiyejua kusalimia hana mahali pa kwenda. Aliigiza vizuri mpaka walimu wakainama kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Nitakuambia kwa nini.

Lakini nisijifanye malaika. Niliingia hiyo ofisi siku ya Jumanne nikiwa nimefunga kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa, nimejaa vita kuliko wewe. Nilimwambia madam Tabby kwamba shule ya siku hizi imekufa tangu kiboko kikatazwe, kwamba mtoto wangu hana shida, shida ni mtoto anayekaa Giakanja na hajui kusalimia watu wa Giakanja. Ndiyo, nilisema hivyo. Madam alinitazama tu. Ni msichana mdogo, hata hajaolewa, lakini ana macho ya mtu aliyefanya usafi wa hiyo sketi kwa mikono yake. Akanieleza kwamba alimpa Emmah leso yake, akamsindikiza mpaka kwao.

Kinuthia hakupiga kelele. Alisema sheria za shule tulisomewa mwanzoni mwa mwaka, wazazi wote tukatia sahihi, na mimi nilitia nikiwa wa kwanza kwa sababu nilitaka kuwahi kukamua. Akasema kumdhalilisha mwanafunzi mwenzako ni kosa kubwa, na adhabu yake ni hii: Kagure aache umonita, aombe Emmah msamaha siku ya gwaride mbele ya shule, na kwa wiki mbili akae naye dawati moja, kila asubuhi yeye ndiye awe wa kwanza kumsalimia. Hakuna kupigwa, hakuna kupigishwa magoti. Mzazi akikubali, jambo linaisha. Mzazi akikataa, mtoto akae nyumbani mpaka kamati ya shule ikutane, na kamati inaweza kumwambia atafute shule nyingine.

Hapo ndipo simu yako iliingia, wewe na makelele yako. Ati mama yako, yaani huyo binti yako, haombi msamaha kwa mtoto wa watu. Ati utamtoa umpeleke bweni la Mweiga, pesa si shida. Ukakata simu. Kinuthia akaiweka mezani polepole kama yai, akaniambia, kwa heshima, kwamba basi nimpeleke mtoto nyumbani.

Tulirudi nyumbani mtoto akitembea mbele. Alikuwa anaruka ruka, Theuri. Aliniambia baba amesema atamnunulia sanduku la chuma na godoro, na kule bweni atakuwa monita tena. Nikamwangalia mgongo wake mdogo nikafikiria hiyo nyumba ya bweni, vitanda juu na chini, watoto wa gredi ya pili na ya tatu wanalia usiku, na yeye ndiye mwenye kusema nani aende choo. Nilihisi baridi ambayo si ya mwezi wa saba.

Nyinyi wawili ndio mlianza, wewe na Wendy. Mtoto alizaliwa mkampa jina langu, kama inavyotakiwa kwa msichana wa kwanza, na nilifurahi, sitasema uongo. Lakini tangu ajue kusimama, wewe humwiti Kagure. Unamwita Maitu, mama yangu. Ukija likizo unamwinamia kichwa, unampa soda kabla ya watu wazima. Akimwaga maziwa unasema huwezi kumgombeza mama yako. Wendy naye hawezi hata kumwinulia kidole, ati akimchapa huyu ni kama amemchapa mama mkwe. Juzi nilimsikia akimwomba mtoto samahani kwa sababu uji ulikuwa moto. Mtoto akamwambia amesamehewa, lakini asirudie. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ndiyo maana nasema mlianza nyinyi, na mimi nikawa nawapigia makofi.

Jumatano nilienda dispensari kwa presha. Niliogopa kukutana na Gaudencia, lakini dawa zilikuwa zimekwisha, na mimi sikimbii mtu. Emmah alikuwa pale, amekaa kwa benchi la kona na sare yake ya shule. Alikuwa amekataa kwenda darasani tangu siku ile. Aliponiona alisimama haraka mpaka benchi likagonga ukuta. Akainamisha kichwa, akanipa mkono, akanisalimia kwa Gikuyu, maneno yote, hata moja hakukosea.  Kisha akabaki amesimama hivyo, ananitazama miguu. Nikamuuliza mama yake mtoto anangoja nini. Gaudencia akasema anangoja nimruhusu kukaa.

Akaniambia kwamba mtoto huyo anafanya mazoezi ya hiyo salamu akiosha vyombo, akioga, hata amelala. Ameomba afundishwe na mama mboga. Gaudencia hakunigombeza hata kidogo. Alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapima, akapima tena, akasema iko juu, nipunguze chumvi na mawazo. Nilitaka anitukane. Ningejua namna ya kujibu.

Sasa nikuambie kile ambacho sikusema pale ofisini Moffat alipokuwa anaigiza. Hayo maneno si ya Kagure. Ni yangu. Hapa kwangu hakuna kupita kama ng'ombe: nani hajawahi kunisikia nikisema hivyo? Kila jioni mtoto akitoka shule mimi nakaa mlangoni na kiti changu, na haingii mpaka anisalimie ninavyotaka, kichwa chini, mkono wa kulia ukishikwa na wa kushoto. Akikosea narudisha. Ana njaa, anataka choo, mvua inanyesha, narudisha. Naye hakuwa na mahali pa kuuweka mchezo huo ila shuleni, kwa sababu hapa nyumbani nyinyi mlimwambia yeye ni mimi. Basi akaenda akawa mimi. Hakukosea hata neno.

Kwa hivyo nimefanya jambo, na umeshachelewa kulizuia.

Jana, siku ya gwaride, nilimvalisha sare nikampeleka. Alikataa njia nzima. Alisema baba amekataza. Nikamwambia baba yako nilimzaa mimi. Tulipofika nilimwomba Kinuthia ruhusa, nikasimama mbele ya shule yote na mkongojo wangu, watoto wakidhani ni mgeni wa kuleta miti. Nikasema jina langu ni Kagure. Nikasema mimi ndiye Kagure aliyetunga ile sheria ya salamu, na mlangoni kwangu nimeifuta. Kisha nikamgeukia Emmah, ambaye mama yake alikuwa amemleta asubuhi hiyo, nikainamisha kichwa mimi, mzee mzima, nikamsalimia, nikamwomba anisamehe.  Mama mpishi alitoka jikoni na mwiko.

Kagure wako alinitazama kama mtu ambaye nyumba yake imeezuliwa paa. Alianza kulia, si kile kilio cha kutaka kununuliwa kitu, nakijua kile. Hiki kilitoka chini. Niliogopa nimemvunja. Nikamwambia taratibu kwamba mimi nimesema yangu, na yangu haitoshi kwa yake. Akajipangusa machozi. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtoto wa gredi ya nne, Emmah nisamehe, nilikufanyia vibaya, nilijua unataka kwenda na nikakuzuia. Alisema alijua, Theuri. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha kusema hiyo sehemu.

Emmah hakumkumbatia wala nini. Alisema sawa. Kisha akamgeukia madam Tabby akasema anaenda choo, akatoka kwenye mstari bila kungoja jibu, akitembea, hakukimbia. Shule nzima ikamngoja mpaka akarudi. Sijawahi kuona gwaride zuri kama hilo.

Baada ya hapo niliingia ofisini nikatia sahihi kwamba mzazi amekubali adhabu. Kinuthia aliuliza kama wewe unajua. Nikamwambia nitakujulisha. Akasema sheria inataka mzazi au mlezi, na mlezi ni mimi, lakini ile habari ya kumhamisha bado iko mkononi mwako, na hatampa nafasi yake mtu mwingine mpaka asikie kutoka kwako. Kwa hivyo mtoto amerudi darasani, lakini amesimama kwa mguu mmoja. Ukitaka kuharibu, unaweza bado.

Utaniambia nimekuaibisha, mama wa polisi kuinamia mtoto mbele ya watu. Hata mimi sikulala vizuri. Jana jioni alipotoka shule nilikuwa mlangoni kwa mazoea. Alisimama akaanza kuinamisha kichwa. Nikamwambia apite, chakula kiko mezani. Akapita akinitazama pembeni, hajaamini. Nilikaa hapo nje peke yangu kwa muda, nikijisikia kama sijui kazi yangu ni nini tena. Nitazoea. Yeye naye atazoea.

Nisalimie mkubwa wako wa kituo na vijana wote, hasa huyo Peterson, ambaye amekula viazi vyangu vizuri bila kuchagua. Wendy anakusalimu, anasema dawa ya mgongo uipake ukiwa umelala, si kazini. Kagure anakusalimu pia, na amekataa kuongea na simu, kwa hivyo usimlazimishe.

Ukimaliza kusoma hapa, mpigie Kinuthia. Mwombe msamaha kwanza, bila kueleza eleza, halafu umwambie mtoto habanduki hapo shuleni. Na siku utakapoongea na binti yako, umwite Kagure. Neno Maitu uliweke kando. Mama yako bado yuko, na ni mimi.

Kagure, mke wa marehemu Ngugi