ALI ndani ya HALIMA

Jumanne, Manzese

Nilikuwa na uhakika ni Deo. Juzi mwenzangu huyu wa kazini aliitumia kompyuta yangu, na leo zahanati tunayoiandikia programu imemnyima Bi Halima dawa za presha kwa sababu orodha ya wagonjwa inamwita HALLYMA.

"Mwanangu, hilo jina si langu," aliniambia kwa simu ya zahanati.

Nikamkabili Deo.

"Mie sijagusa programu yako, sista."

Sikumwamini. Nikaipitia mstari kwa mstari. Kumbe ni mimi: niliiagiza programu ibadilishe kila ALI kuwa ALLY, kama linavyoandikwa kwenye vitambulisho, nikasahau kuiambia ifanye hivyo pale tu ALI ikiwa jina zima, si kipande cha jina jingine.

Nimerekebisha, na Bi Halima kapata dawa. Kesho nitamwomba Deo msamaha, kisha anisaidie kukagua majina ya akina Salima na Khalid. Peke yangu sijiamini tena.