Sauti ya Mume Wangu Nimeiweka Kwenye Kopo la Pini

Mshauri wetu wa ukurasa huu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, tusikae sana kwenye salamu maana nina jambo limenikaa kifuani na nguo za watu nazishona upande upande. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba tena kwa kusukumwa, kwa hiyo ukikuta nimekosea kuandika rekebisha mwenyewe, ila kitindamimba wangu, binti wa miaka ishirini, huyo siku ya kugawa akili nadhani alipanga foleni mara mbili, na sisemi hivi kwa kuwa ni wangu, uliza mtaa mzima watakwambia. Watakwambia nimewaambia mimi, lakini ni kweli vilevile.

Tuna laptopu moja ya zamani aliyoachiwa na mjomba wake alipostaafu ukarani, ina miaka tisa, bawaba moja nimeifunga kwa uzi wa jinzi, na ndani yake kulikuwa na kitu kisichopatikana dukani. Baba yao alikuwa dalali wa mnadani, mwanamume mwenye sauti ya kunadi kabati bovu watu wakaligombania, na mwaka juzi akafanyiwa upasuaji wa koo, akapona, mwili ukarudi, sauti haikurudi. Sasa anaandika kwa chaki yangu kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akimaliza anakikung'uta na kuanza upya. Siku mbili kabla ya upasuaji binti yetu alimkalisha mbele ya ile laptopu akamrekodi dakika arobaini, ananadi viti vya sebuleni kwetu kimoja kimoja, anawatania watoto, ananiita mimi kwa jina alilonipa tukiwa wachumba, jina ambalo siwezi kukuandikia hapa na ambalo hakuna mwingine duniani wa kuniita. Nakala nyingine hatukuwa nayo, kila mwezi tunasema tutainakili na kila mwezi kuna gauni la harusi la mtu linasubiri.

Basi mwezi uliopita laptopu ikaanza kulia tak, tak, tak, nikasema, "Mwanangu, hiyo sindano imepinda, inagonga chuma." Akacheka, "Mama, kompyuta haina sindano." Kisha akaniangalia. "Kwa kweli inayo. Umejuaje?" Kesho yake ikawa nyeusi tii, na maandishi meupe mawili matatu ya kutuaga. Fundi wa pale njia panda akaipima kwa macho tu akasema, "Mama, hii sasa ni ya kuzuilia mlango, nunueni mpya." Binti yangu akaichukua mikononi mwake kama mtoto aliyetukanwa, akaniambia tukiwa njiani, "Kilichokufa ni diski peke yake. Cherehani ikivunjika sindano huitupi, au siyo?"

Akatafuta diski mpya, na Jumamosi asubuhi akaniomba meza yangu ya kukatia. Mshauri, laiti ungekuwepo. Alitandaza karatasi ya kaki ninayochorea ramani za nguo, akailaza laptopu kifudifudi, akaizungushia chaki ikabaki picha yake kwenye karatasi, halafu kila skurubu aliyoifungua akaiweka juu ya picha palepale ilipotoka, kumi na moja zote. Nikaduwaa, maana hivyo ndivyo ninavyopanga vifungo vya koti la mteja ninapolifumua, na sikuwahi kumfundisha. Akatoa betri, na kabla ya kuingiza vidole ndani akagusa mguu wa chuma wa cherehani yangu.

"Unaomba baraka?" nikamuuliza.

"Natoa umeme wa mwilini, Mama. Ukiruka kidogo tu, unaua kitu."

Miaka hamsini na minne nimekaa na mwili huu sijui kama una umeme! Diski ya zamani ikateleza ikatoka, inaenea kiganjani, nzito kwa udogo wake. Ile mpya nyepesi, unadhani wamekuuzia kasha tupu, akasema ni kweli, humo hakuna kinachozunguka. Akaipachika, akarudisha skurubu kila moja kwenye tundu lake, akachomeka flashi akaanza kuilisha mashine programu upya kama anayemnywesha mgonjwa uji, na ilipomaliza akaizima, akasema, "Mama, nikiiwasha nawe tunga uzi kwenye sindano, tuone nani atatangulia." Naapa sijafikisha uzi kwenye tundu laptopu ikawa imewaka. Nilishika mdomo. Kitu kilichoambiwa ni cha kuzuilia mlango! Baba yake aliyekuwa amekaa kimya dirishani akaandika kwenye kitambaa chake kwa herufi kubwa, MALI HII HAINADIWI, akakiinua juu ya kichwa cha binti yake, na hicho mpaka leo amekataa kukikung'uta.

Sasa kosa langu linaanzia hapa. Binti alinipa ile diski ya zamani kwa mikono miwili. "Sauti ya Baba bado imo humu. Kuna mtaalamu mji wa pili, kazi yake ndiyo hiyo, atajaribu kuitoa. Nitunzie mpaka nitakapompelekea." Kunitunzia mimi! Nikaiweka mahali pa heshima kuliko pote nilipo napo, kwenye kopo langu la pini, lenye subana ya kidole ya marehemu mama yangu na hereni yangu moja ya dhahabu. Na kila mteja aliyeingia nikalifungua. "Shika," nawaambia, "hapo umemshika mume wangu akiwa na sauti." Wengine waliishika kwa mikono miwili kama wako mbele ya mgonjwa, mwalimu wa kwaya alitokwa machozi mpaka ikamponyoka, ikagonga pembe ya meza ikaangukia kwenye vitambaa, haikuvunjika, nikairudisha. Nilijisikia mtu mkubwa, mshauri, sikufichi.

Jumapili ya wiki iliyofuata binti akatusomea ujumbe wa mtaalamu. Isiwashwe tena, ikae pakavu, isiwekwe karibu na sumaku. "Hayo yote tumetimiza," akasema, "si mlinzi ni Mama!" Nikaligeukia kopo langu. Kwenye kopo la pini, mshauri, kunakaa nini kingine? Kunakaa sumaku. Ya duara, nzito, ninayookotea pini sakafuni. Siku tisa imelala kifua kwa kifua na diski, pini zimeizunguka kama wafiwa. Nimeitoa nimeificha kwenye gunia la vipande, na diski nimeifunga kwenye flana, lakini yaliyopita yamepita.

Shoga yangu msusi, tunayepakana ukuta, kaniambia, "Nyamaza. Ikishindikana, si ilikuwa imeshakufa? Nani wa kukujua?" Na mimi nimenyamaza, na kila mtoto huyo akinisifia mbele ya baba yake nageuza uso kwenye cherehani. Anasafiri Alhamisi ya wiki ijayo. Sihofii kelele, mwanangu hapigi kelele. Ninachohofia ni kwamba ataniangalia kwa upole, kama mama asiyejua kitu. Nimwambie, au nimwache mtaalamu akute mwenyewe?

Mama Mwenye Kopo

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, nimekuzidi miaka sita. Barua yako nimeipitisha mbele ya foleni, maana leo ni Jumanne na binti yako anasafiri keshokutwa.

Pale kwenye skurubu kumi na moja nimesoma mara mbili, kisha nikaenda kabatini nikaitoa laptopu yangu niliyoizika humo miaka minne. Nimeiangalia kwa macho mengine. Kujisifu kwako nimekusamehe, kwa mtoto huyo hata mimi ningefungua dirisha nikaita watu. Lakini diski uliyopewa uitunze ukaigeuza maonyesho, kila mwenye gauni la kupunguza anaipapasa! Uliambiwa tunza. Hukuambiwa tembeza.

Nimemtafuta mtu anayefanya kazi hiyo, nikamsomea barua yako yote. Kuhusu sumaku alinijibu bila wasiwasi mkubwa. Sumaku ya kuokotea pini kwa kawaida haina nguvu ya kupenya mpaka kwenye kumbukumbu za diski zikafutika, ingawa hawezi kukuapia kwa kitu asichokiona. Nikadhani tumemaliza. Akaniambia, "Rudia pale kwa mwalimu wa kwaya."

Unaona, mama? Sumaku umeililia barua nzima, na kuanguka umekupa mstari mmoja. Lakini diski iliyokuwa tayari inagonga tak tak, kisha ikagonga pembe ya meza, huenda ile sindano yako imehama mahali pake, na mtaalamu asiyejua akiiwasha tu aone inasemaje, inaweza kuikwaruza sauti ikaisha palepale. Akijua imeanguka, hataiwasha kwanza. Ataifungua kwenye chumba chake kisafi, aiangalie, ndipo aamue. Kwa hiyo swali lako la nimwambie au ninyamaze si la aibu yako tena. Kunyamaza kwenyewe ndiko kunakoweza kumaliza kazi. Na yule shoga yako mwambie aendelee na nywele, vichwani kwa ndani asiingie.

Fanya hivi. Leo, si kesho, mwite binti yako kwenye ileile meza, baba yake awepo. Weka kopo, weka sumaku, weka diski. Mwambie siku tisa, mwambie na kuanguka, iligonga wapi, mara ngapi. Kama kuna mteja mwingine aliyeiangusha ukaona si neno la kuandika, mtaje. Yote ayaandike kwenye karatasi aende nayo. Diski ifungeni kwenye kitambaa laini, ndani ya kisanduku kigumu, aibebe mwenyewe mapajani, asiiweke kwenye begi la kutupwa juu ya mengine. Na mtu yeyote asijaribu kuichomeka mahali popote, hata yule fundi wa njia panda akijitolea bure. Sauti ikipatikana, siku hiyohiyo inakiliwe sehemu tatu, na gauni la harusi lisubiri. Isipopatikana mtalia wote watatu, lakini mtalia mkijua mlifanya kila kitu.

Unahofia atakuangalia kama mama asiyejua kitu. Mtoto huyo alikuuliza, "Umejuaje?" Wewe uliisikia sindano ndani ya mashine ambayo fundi aliipima kwa macho tu. Chaki aliyoizungushia laptopu ni yako, na kupanga kilichofumuliwa ili kirudi kilipotoka alikuona wewe ukifanya tangu akiwa anatambaa chini ya meza hiyo. Sasa kuna kitu umekifumua wewe. Kiweke mezani, kipande kwa kipande, yeye anajua namna ya kukirudishia.

Mumeo hana sauti, na bado neno la kweli analiandika kwa chaki na kuliinua juu watu walisome. Nyumbani kwenu mwenye sauti ya kusikika mtaa mzima umebaki wewe, mama. Nenda kaitumie.