Shangazi Skola na Utepe wa Mbio za Jiji

Shangazi Skola,

Nakuamkia kwanza, maana hata huko uliko usingekubali kusoma barua ya mtu asiyeamkia. Ni mimi Oliva, mtoto wa kaka yako, mimi yule fundi cherehani wa Mbinga mjini uliyekuwa ukiniambia nimekalia kiti mpaka kiti kinanionea huruma. Sikuandikii ili nilie. Nimelia vya kutosha, Baba ni shahidi. Leo nina hasira, na katika ukoo mzima ni wewe tu uliyejua kunisikiliza nikiwa na hasira bila kuniambia nisali kwanza.

Habari za huku ni nzuri kiasi. Nyumba yako ya Tingi, kule Nyasa, tumeifunga, shamba analima Editha, yule mwanafunzi wako ambaye sasa naye ni mwalimu palepale shuleni kwako. Jogoo wako mwenye kelele tulimla Pasaka, tusamehe. Raba zako ziko kwangu chini ya cherehani, na kila mteja anayeuliza ni za nani nampa hadithi nzima, atake asitake.

Sasa sikiliza. Miezi miwili baada ya kukuzika, nilipigiwa simu na kijana wa kamati ya mbio za jiji. Alikuwa na adabu, alitoa pole kwanza. Akasema wanaandaa kijitabu cha historia ya mbio kwa ajili ya yubilei, na wamepata picha yako ya mwaka wa kwanza, wanaomba ruhusa ya familia. Moyo wangu ulipaa. Nikasema tuma. Picha ikaja kwenye simu: wewe, kijana, mwembamba kama ufito, namba ya kitambaa kifuani, umekunja goti na kushika mikono pamoja mbele ya wazee wawili wenye utepe. Pembeni yako mwanamke mwingine anapita kifua mbele. Na chini yake wameandika: "Kituko cha mwaka wa kwanza: mshiriki kutoka kijijini akiuamkia utepe."

Jina hakuna. Mshiriki kutoka kijijini, basi.

Unaijua hadithi hii kuliko mimi, lakini naiandika hivyohivyo, maana mwaka huu nimejifunza kwamba usipoandika mambo yako, mwingine atakuandikia, tena akicheka. Mwaka ule wa kwanza mlikuwa wachache, wanawake wa kuhesabu kwa vidole. Kamati ikawaambia wanawake mkimbie nusu ya njia. Wewe, mwalimu wa michezo wa shule ya msingi uliyetoka Nyasa kwa basi, ukawajibu kwamba nauli uliyolipa haikuwa nusu. Ukakimbia yote. Maji njiani hayakuwepo. Akina mama wa mitaani walitoka na vikombe vyao vya jikoni, nawe kila ukinywa ulisimama, ukamrudishia mwenyewe kikombe mkononi na kumshukuru. Nilipokuwa mdogo sehemu hiyo ndiyo iliyonichekesha kuliko zote. Na bado ulikuwa unaongoza wanawake wote.

Ukafika mwisho, ukakuta wazee wawili wameshika utepe kutoka upande huu wa barabara mpaka ule. Hakuna aliyekuwa amekuambia kwamba utepe ule unakatwa na kifua. Kwetu wazee wakikushikia kamba au kanga njiani, iwe harusini, iwe penginepo, wamefunga njia. Huwapiti kama ng'ombe aliyekatika kamba. Unasimama, unaamkia, unasubiri wakufungulie. Ndivyo ulivyofanya. Ukasimama, ukakunja goti ukiwa na kilomita arobaini na mbili miguuni, ukasema shikamooni. Yule mwenzako akapita. Wazee wa watu walibaki wanakutazama midomo wazi, mmoja akaitikia marahaba, angalau huyo alilelewa.

Huku nyumbani walikutania miaka yote. Babu peke yake hakucheka. Ulisimulia kwamba alikusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hukumpita mzee," kisha akaingia ndani akatoka na jogoo wa kuchinja.

Na ulirudi. Hilo kijitabu hakilijui. Mwaka uliofuata ulirudi, na uliofuata, kila likizo ilipoangukia vizuri na hata isipoangukia. Uliziona mbio zile zikikua kama mtu anavyoona mtoto wa jirani akikua. Namba za kitambaa zikawa za karatasi. Wakaja wafadhili, zikaja fulana za bure, magari yenye spika, maji ya chupa, mpaka kile kidude cha kufunga kwenye kiatu kinachojua umetumia muda gani. Wewe uliendelea kubeba dagaa wa Mbamba Bay kumpelekea mmoja wa wale akina mama waliokupa maji mwaka wa kwanza. Hukushinda hata mara moja. Watoto wa Tingi uliwafundisha kwa kamba ya kuanikia nguo: "Utepe vunja, wazee utawaamkia baadaye."

Nilikuuliza siku moja tu. Tulikuwa Mbamba Bay asubuhi, tunasubiri mitumbwi ya dagaa, ukiwa umevua viatu na miguu yako imo majini. Nikakuuliza kama ile siku bado inakuuma. Ukatazama mitumbwi, mpaka nikajuta kuuliza. Kisha ukasema, "Kushindwa hakuniumi. Walicheka, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza jina." Halafu ukainuka kwenda kugombania dagaa na wale wachuuzi kana kwamba hujasema kitu.

Kwa hiyo unaelewa nilivyowaka. Baba alitaka tukubali yaishe. "Marehemu haoni picha," alisema. Nikamwambia mimi naona. Akasema nina kichwa kigumu kama dada yake. Nikamshukuru.

Nilifunga kibanda changu nikapanda basi. Safari ile mnajua wenyewe mlioizoea, mimi nilifika miguu imevimba kama ya mjamzito. Nilikwenda ofisini kwa kamati na namba yako ya kitambaa, ile ambayo nyuma yake uliandika majina yako matatu kwa wino. Nikaiweka mezani. Nikaomba jina lako liandikwe chini ya picha, na sentensi moja tu ya kueleza kwa nini ulisimama. Mkubwa wa pale, mama mwenye miwani kichwani, akaniambia, "Dada yangu, watu wanapenda vitu vya kuchekesha, wala hakuna ubaya." Akasema nafasi ni ndogo, wafadhili wameshaona kurasa. Ama ibaki ilivyo, ama itoke.

Nikasema itoke.

Shangazi, nilisema haraka mno. Kichwa juu, nikakunja kitambaa chako, nikatoka kama malkia. Lakini basi lilipopita Njombe na baridi ile inaingia dirishani, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Picha yako pekee ya siku ile. Nimekutoa. Mimi, kwa mdomo wangu mwenyewe. Waliokucheka angalau walikuacha ndani, mimi niliyekupenda ndiye… Sikuweza kumaliza wazo hilo wakati ule na sasa pia siwezi.

Kijitabu kimetoka. Ninacho. Nimekisoma mara tatu kana kwamba ungetokea nyuma ya ukurasa. Wamo wafadhili, wamo wageni rasmi, wamo hata waliosimamia muziki. Wewe humo. Baba akaniuliza, "Umefurahi sasa?" Nilinyamaza siku tatu, na unajua kwangu mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Aliyenitoa kwenye ugonjwa huo ni Editha. Alikuja mjini kununua chaki, akapita kibandani, akasema anataka kujiandikisha mbio za mwaka huu kwa heshima yako. Tukafungua fomu kwenye simu yake. Jina, umri, mkoa, akajaza. Kisha akanionyesha: "Hapa wanataka jina la klabu. Mimi klabu sina, niandike nini?"

Niliichukua ile simu mkononi mwake. Nikaandika majina yako yote matatu, na mbele yake neno Klabu. Tukatazamana. Editha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, maana anazijua mbio zile: kila anayefika mwisho, mtangazaji anasoma jina lake na klabu yake kwenye kipaza sauti, na matokeo yote yanachapishwa vilevile na kutunzwa. Hiyo ndiyo historia yao, Shangazi, si kijitabu.

Tuko kumi na mmoja sasa. Wanane uliwafundisha wewe kuikata ile kamba kwa kifua pale Tingi, wawili ni wauza dagaa wa Mbamba Bay waliosema wamekimbizana na wewe miaka mingi hivyo wanastahili, na wa kumi na mmoja ni mimi. Ndiyo, mimi. Cheka mpaka uchoke. Kila asubuhi natoka mjini napanda vilima vya kahawa nikitweta, na waendesha bodaboda wananiuliza, "Mama, nani anakukimbiza?" Nawajibu ni Shangazi yangu. Kiti changu kimepumzika. Fulana nimeshona mwenyewe, zote kumi na moja, na jina lako mgongoni kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara.

Juzi alipiga tena yule kijana wa kamati. Akauliza hii klabu imesajiliwa wapi. Nikamwambia Tingi. Nadhani hapo ndipo alipolisoma jina. Kisha akasema polepole, "Sawa dada, nimepitisha." Mungu amlinde, mama yake alimlea.

Nimalize, maana kuna sare za shule zinanisubiri. Siwezi kuirudisha ile picha kijitabuni, na kosa hilo nitalibeba. Ushindi pia siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba wote kumi na mmoja tutafika, na wa mwisho nitakuwa mimi, hilo halina ubishi. Jua litakuwa kali, watakuwa wanakunja mahema na kupakia viti, na mtangazaji atataka kwenda kula. Atasoma jina langu aniache. Nami nitabaki palepale kwenye mstari, nikihema, sitasogea hata hatua moja mpaka asome na la klabu.

Pumzika, Shangazi.

Mwanao,
Oliva