Mama Alihudhuria Kikao

16 Oktoba

Kwa dada Lavonia,

Nakusalimu kwa sababu Mama hakutulea tuanze barua bila salamu. Huku tu wazima. Mkono wangu wa kulia bado unavimba kwa kisu cha kiwanda cha samaki, lakini kambare hawajui habari hiyo. Natumai wewe hujambo, na shemeji Cleve anaendelea vizuri na mashine yake ya figo.

Sikuandikii kwa mapenzi. Tangu tumzike Mama Machi mwaka jana sijakusemesha, na sababu unaijua. Alikata roho akikuulizia, wewe uko kwenye kikao cha wazazi. Leo naandika kwa sababu ya kikao kingine.

Zaniah amerudi nyumbani analia. Mwalimu Tolliver, yule wa chumba kidogo anayewafundisha kusoma watoto waliobaki nyuma, ameambiwa mwisho wake ni Krismasi. Unajua mtoto wangu yuko darasa la tatu. Unajua Aprili kuna mtihani wa kusoma, na asiyepita havuki kwenda la nne. Na unajua bado anaangalia picha kisha anabahatisha neno.

Nikatumia siku yangu ya mapumziko kwenda kumwona mkuu wenu wa shule, Bwana Drummond. Akanionyesha karatasi huku anatabasamu. Akasema zile pesa za Washington zinazoletwa kwa ajili ya watoto maskini zina sharti, wazazi lazima washirikishwe, na wazazi walishirikishwa. Walikaa tarehe 24 Septemba saa nane mchana, wakakubali nafasi ya Tolliver iondolewe zinunuliwe kompyuta za mkononi. Akanigeuzia karatasi nijionee. Jina langu limo, Jerlean Pruitt, na sahihi ubavuni.

Saa nane mchana ya tarehe 24 nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa minofu, maji ya barafu yamenifika kwenye viwiko. Sasa nieleze, wewe mratibu wa wazazi, ni nani huyo Jerlean aliyekuja kwenu?

Barua hii nimeiweka kwenye faili la Zaniah, lile la matangazo ya shule ya kila Alhamisi, akuletee ofisini. Sijaifunga. Hawezi kuisoma, na hicho ndicho ninachokuandikia.

Mdogo wako,
Jerlean


19 Oktoba

Mdogo wangu Jerlean,

Barua yako nimeipata, nimefurahi kuona mwandiko wako hata kama umenichapa nao. Cleve anakusalimu. Hajambo, isipokuwa siku za mashine anarudi kanywea, hataki hata kuulizwa chakula.

Sitakuzungusha. Niliandika mimi. Siku ile walikuja wazazi sita, na wawili kati yao walifuata kuku wa kukaanga. Bwana Drummond akaniambia orodha isiyofika thelathini haiendi popote, na isipokwenda tutaonekana hatukuwashirikisha wazazi. Nikatoa daftari la simu za wazazi nikaanza kujaza. Ulikuwa kazini, na nisingemwita mtu aache kazi kwa ajili ya kikao ambacho kila kitu kilishaamuliwa kabla kuku hajakaangwa. Hivyo ndivyo vikao vyetu, Jerlean. Mimi kazi yangu ni viti na karatasi.

Isitoshe, ni nani kati yetu hajawahi kumwandikia ndugu yake jina? Ripoti zako za shule unafikiri nani alikuwa akihangaika nazo? Nilijua ukiulizwa utasema ndiyo ili usisumbuliwe.

Nakuomba jambo hili liishie kwetu. Bima inayomlipia Cleve mashine inatoka kwenye kazi hii. Kuhusu Zaniah, mlete kwangu Jumamosi nitamsomesha mwenyewe. Mambo ya hospitali tutayaongea siku ukitaka. Mimi nilipigiwa simu nikiwa mbele ya watu, nikadhani bado kuna muda.

Dada yako,
Lavonia


2 Novemba

Dada Lavonia,

Salamu. Wazima sisi. Kwenu sijui na leo sitauliza.

Nilikwenda ofisi ya wilaya kuomba nakala ya ile orodha. Mzazi ana haki ya kuiona, imeandikwa kwenye zile zile karatasi mnazotujazia mabegi ya watoto. Dada mmoja wa pale akanitolea bila maneno. Nikaisoma kwenye gari, jina kwa jina.

Mstari wa kumi na tisa. Ozella Pruitt. Uhusiano na mtoto: bibi.

Mama.

Mama yuko makaburini Mount Nebo, jiwe tumeliweka mimi na wewe tukiwa tumenuniana. Kumbe tarehe 24 Septemba alijikung'uta mchanga, akafunga kilemba, akaenda kula kuku na Bwana Drummond na kumfukuza mwalimu wa mjukuu wake. Nilicheka, Lavonia. Nilicheka peke yangu garini kama mwehu, halafu nikapiga usukani mpaka mkono ule mbovu ukafa ganzi.

Jina langu ulilitumia, sawa, mimi mdogo wako, nimekuzoea. Lakini umemwamsha maiti kwa sababu orodha haikutimia. Na sahihi ni ile ile yake, ile Z yenye mkia uliojipinda. Uliketi ukaifanyia mazoezi? Uliona haya hata kidogo?

Jumamosi Zaniah haji kwako. Mwambie Bwana Drummond amrudishe Tolliver, au orodha hii inakwenda Jackson kwa watu wa jimbo. Na usinitajie Cleve. Nampenda Cleve. Mtoto wangu hajamfanyia Cleve kitu.

Jerlean


20 Novemba

Dada Lavonia,

Wiki tatu Zaniah anarudi na faili lina matangazo ya kuuza keki tu. Kanisani umehamia benchi za upande wa pili, umevaa kofia pana nisikuone macho. Nimekuona.

Niliandika Jackson. Watakuja tarehe 9 Desemba. Wamempigia simu Bwana Drummond kwanza, naye akaniita jana mbele ya karani wake. Alikuwa mpole, hata kiti alinivutia. Akafungua faili la zamani la Zaniah, fomu ya mwaka ule Mama alipokwenda kumwandikisha darasa la awali mimi nikiwa zamu, akaiweka kando ya orodha. Sahihi mbili, Z mbili, mkia ule ule. Akasema, "Binti, hii ni sahihi ya mama yako. Kama hamwelewani naye, kaongeeni nyumbani."

Hajui kwamba amekufa. Anasimamia shule ya watoto wetu miaka sita, anajaza karatasi kwamba anatujua, na hajui nani mzima nani marehemu. Nikamwambia mama yangu ana mwaka na miezi minane kaburini. Akakohoa, akasema basi tarehe ilikosewa, lakini mkono ni wake, na mtu wa Jackson naye ataona hivyo.

Nimelala na jambo hilo. Sahihi zinafanana mno. Mtu hawezi kuigiza hivyo. Nijibu.

Jerlean


24 Novemba

Mdogo wangu,

Uzima upo. Usingizi ndio haupo.

Sikuigiza. Huo mkono ni wangu tangu zamani. Ile fomu ya Zaniah Mama hakuijaza, aliniletea mimi nyumbani ikiwa imekunjwa ndani ya Biblia, nikaijaza mezani kwangu. Mama hakuwahi kutia sahihi karatasi yoyote maishani mwake, Jerlean. Hakujua kuandika. Hakujua kusoma hata jina la duka.

Nilikuwa na miaka tisa. Aliitwa shuleni kwa ajili yangu, wakampa kalamu, akachora alama ya msalaba, na mwalimu akamwonyesha mwenzake wakacheka. Tukarudi kwa miguu. Usiku ule alinikalisha akaniambia nimtengenezee jina zuri. Ile Z ni mimi niliyeibuni, aliipenda, akasema inafanana na mtu aliyesoma. Tangu hapo ripoti zangu, ripoti zako, fomu za daktari, kadi za Krismasi, zote ni mimi. Biblia aliyokuwa akikufungulia jioni alikuwa ameihifadhi kichwani kutoka kanisani. Alikuwa anafungua ukurasa wowote.

Aliniapisha nisikuambie. Ulikuwa mtoto wake wa vitabu, alitaka ukue ukidhani umerithi kwake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimlaumu kwamba haji vikao vya shule? Alikuwa anaogopa watampa karatasi mbele za watu. Siku ile ya Septemba, nilipofika mstari wa kumi na tisa jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la simu, sijui kwa nini sikulipita. Mkono uliandika wenyewe. Nadhani nilitaka mara moja tu aonekane alihudhuria.

Bwana Drummond anataka tarehe 9 niseme orodha ni ya zamani, Mama aliitia sahihi kabla hajafariki, na kwamba wewe una kisirani na mimi. Sijui nitasema nini. Kiapo nilichokula kwa Mama nimekivunja leo, basi usinivunje na mimi.

Dada yako,
Lavonia


1 Desemba

Dada,

Salamu, na asante kwa mkate wa viazi vitamu uliompa Zaniah. Nimeula. Niliula kwa hasira lakini niliula.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimetoa Biblia ya Mama nikaitazama, nimelia kilio cha kumzika upya. Nilimwita mvivu yule mwanamke. Nilimwambia usoni, nikiwa na miaka kumi na tano, kwamba mama za wenzangu wanakuja. Akasema, "Nina kazi, mwanangu." Na hakuwa na kazi siku ile.

Nilidhani nikishajua nitapoa. Sijapoa, nimewaka zaidi, na nitakuambia kwa nini.

Mimi sikujua. Bwana Drummond hakujua. Katika mji huu wote ni wewe peke yako uliyejua maana ya mtu mzima asiyejua kusoma. Ulimwona akiogopa karatasi miaka arobaini. Ulimshika mkono kila dirisha la ofisi. Halafu wakakuletea orodha ya kumwondoa mwanamke mmoja aliyekuwa akimfundisha Zaniah kusoma, na ukaitia sahihi kwa jina la Mama. Jina la Mama, Lavonia, kati ya majina yote. Unataka Zaniah naye atafute mtoto wa miaka tisa wa kumwandikia?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tumemficha Mama vya kutosha.

Neno langu halitoshi, wanasema sahihi zinafanana. Anayeweza kusema ni wewe tu. Sikuombi na sitakubembeleza. Tarehe 9, saa nne asubuhi. Nimebadilishana zamu.

Jerlean


8 Desemba

Jerlean,

Cleve anajua. Nilimsomea barua zako zote. Akasema yeye alioa mratibu wa wazazi, hakuoa mwizi wa majina, na kwamba figo zake nisizifanye kisingizio. Tutatafuta njia nyingine.

Nikisimama kesho huenda sauti itanikauka, kwa hiyo nimeandika. Ukiona nimenyamaza, wape karatasi hii.

Mimi ndiye niliyeandika majina ishirini na nne kati ya thelathini kwenye orodha ya tarehe 24 Septemba. Wazazi hao hawakuwepo na hawakuulizwa. Jerlean Pruitt hakuwepo. Ozella Pruitt alikuwa amefariki, na akiwa hai hakujua kuandika. Kila sahihi yake iliyomo kwenye mafaili ya shule hii ni mkono wangu. Hakuna mzazi aliyekubali Mwalimu Tolliver aondoke.

Nimeitia sahihi yangu mwenyewe. Imetoka mbaya. Nimeandika jina la Mama mara nyingi kuliko langu.

Lavonia Pruitt Gaines


27 Machi

Dada Lavonia,

Hujambo? Shemeji hajambo? Nimesikia umepata kazi hospitali ya kaunti, mapokezi, na kwamba bima imeanza. Nimefurahi, ingawa nilisikia kwa watu.

Ile tarehe 9 uliyasema mwenyewe kwa mdomo, karatasi yako nikarudi nayo nyumbani. Tolliver alirudi Januari, hilo unalijua. Bwana Drummond bado yupo. Wewe umeondoka na yeye amebaki, na kila nikimpita pale getini damu inanichemka. Kikao cha safari hii wamekiweka saa kumi na mbili jioni. Walikuja wazazi kumi na mmoja, nami nikaandika jina langu kwa mkono wangu, polepole, nikakandamiza kalamu hadi karatasi ya chini.

Jambo la hospitali sijakusamehe. Nakuambia usije ukadhani limepita.

Mtihani ni wiki ya tatu ya Aprili. Sijui kama atapita. Lakini Jumapili nilikuwa naosha vyombo nikasikia mtu anasema chumbani, neno moja, kimya, neno lingine. Nikaenda. Zaniah alikuwa amefungua droo yangu, ameshika barua yako ya Desemba, kidole kiko kwenye mstari. Alipofika "hakujua kuandika" alisimama, akarudia, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Akaendelea hadi chini kabisa, akasoma majina yako yote matatu, peke yake, halafu akasema, "Huyu ni mama mkubwa."

Kwa hiyo hii nimeifunga kwa gundi, na wewe zako zifunge. Au njoo Jumapili tugombane mdomo kwa mdomo.

Mdogo wako,
Jerlean