Kanda ya Harusi ya Kasoli

Bariadi, 14 Agosti 1996

Kaka Mabula, mwangaluka.

Sisi wazima. Mama anakusalimu, pamba imeshapimwa.

Bado najifunza kazi ya video. Taa siku hizi naielekeza ukutani, mwanga umrudie bibi harusi polepole asikunje macho. Ila kwenye picha za kawaida nilikuwa nachagua wa kumpiga. Video inachukua yeyote anayepita.

Kule Kasoli, nikihangaika na taa, nilisahau kamera ikirekodi kuelekea zizini, ng'ombe wa mahari wakiingizwa. Mmoja ana sikio lililopasuliwa mara mbili, alama ya kwetu. Ni yule wa Baba aliyeibwa Mei. Anayemswaga ni wewe, uliyetuandikia kwamba hujatoka Lamadi tangu Pasaka.

Niliyaona haya jana, nilipoijaribu kanda nyumbani kwa mzee Masalu, baba wa bibi harusi. Yeye hakugundua kitu, na kanda amebaki nayo. Jumapili anaionyesha kwa watu wote, walinzi wa sungusungu wakiwemo.

Baba naye amealikwa. Macho yake yamepungua nuru, kwa hiyo ameniomba nikae kando yake, nimtajie kila anayepita.

Mdogo wako,
Josia