Saa Tano Tu

Dubai

Mwanangu Zaina,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Mpumudde? Mumeo naye hajambo? Nasikia mvua imezidi Jinja. Jifunike vizuri, kifua chako hakipendi baridi tangu utotoni. Mimi mzima, ila nimechoka. Nalinda lango la ghala, nasimama kutwa nzima, na jioni miguu inakataa hata viatu kuvuliwa.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua hii mlinzi mwenzangu anayekuja likizo. Isome yote, kisha ukitaka kukasirika, kasirika.

Niliahidi kukuoza mwenyewe, nimshike mumeo mkono mbele ya shehe. Kabla sijasafiri kuja harusini, baba yako mdogo Juma aliniuliza kwa simu, "Afande, ndege ni saa ngapi?" Ananiita afande tangu nivae sare hizi. Nikamjibu, "Saa tano tu." Mimi niliwaza urefu wa safari. Yeye akasikia nitafika saa tano asubuhi, akamwambia shehe, na shehe akawatangazia watu wote wa kwetu Nakaloke. Kiswahili chetu cha Mbale ndicho hicho. Mtu wa pwani angesema masaa matano, tukapona.

Saa tano hiyo nilikuwa bado angani. Kwenye kioo mbele ya kiti walionyesha kilomita karibu elfu nne, Dubai mpaka Entebbe, na kindege kinatambaa juu ya ramani. Nilikitazama mpaka macho yakaniuma. Kumbe wewe umekaa chumbani na hina yako, unauliza kama baba amefika. Hilo linanichoma mpaka leo. Baada ya adhuhuri shehe alishindwa kungoja, Juma akasimama mahali pangu. Simlaumu.

Nilipotua, laini ya Dubai haikushika, na kwa haraka ya kukuwahi sikusimama kununua nyingine. Foleni Kampala, foleni tena darajani Jinja. Nafika Nakaloke magharibi, masufuria yanaoshwa. Shangazi yako akaniambia, "Kaka, bibi harusi alisha kwenda. Walipita na yeye njia hiyo hiyo wewe umetoka." Akanipakulia pilau iliyobaki. Sikuimaliza.

Likizo ilikuwa fupi, na kwetu baba hamfuati binti kwa mkwe upesi hivyo. Nilipita Jinja tena, nikatazama tu upande wa kwako.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako aliyekupokea. Mwambie shangazi pilau yake ilikuwa tamu. Baba yako mdogo usimnunie.

Nijibu jambo moja tu. Siku ile, nilipokwisha pita Iganga, tulipishana na magari ya riboni yanakwenda Jinja, honi zinalia. Nilifurahi, nikatoa mkono dirishani nikapunga, nikawaombea Mungu hao watu nisiowajua. Gari la mbele lilikuwa jeupe, bibi harusi amejifunika. Ulimwona yule mzee aliyekuwa akipunga?

Ndiye mimi,
baba yako Musa