Nilimzika kwa Mzaha Baba wa Mwenzangu wa Msumeno

Matembwe, 8 Mei 1995. Leo ni miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke kwetu Namtumbo.

Kwako Mama Idda, mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie mawazo, maana jambo hili siwezi kulipeleka kwa tajiri wala kwa katekista, wote watanicheka.

Mimi ni mpasua mbao, elimu yangu ni darasa la tano, na huu ni mwaka na nusu nafanya kazi na Marcelino kwenye msumeno wa watu wawili, mimi juu ya gogo, yeye chini shimoni, na kazi hiyo msiposikilizana ubao unatoka umepinda. Jumapili huwa naendesha mchezo nilioachiwa na mgeni mmoja wa kujitolea aliyekuwa akifundisha useremala: watu watano au sita wanakaa mezani, kila mmoja anaandika kwenye karatasi mtu anayejifanya kuwa yeye, jina lake, kazi yake, anachokiweza na udhaifu wake mmoja, mimi nasimulia mkasa, wao wananiambia wanafanya nini, na dadu inaamua kama wameweza. Mikasa yangu ni ya kuchekesha tu na haizidi saa moja na nusu, ndiyo maana kila Pasaka, kwenye mkutano wa michezo ya mezani Makambako, wanapokuja watu wa bao, drafti na karata kutoka Iringa hadi Songea, nami hupewa meza, na watu wasiojuana hukaa pamoja wakaondoka marafiki.

Mwaka huu, Jumatatu ya Pasaka, kiti kimoja kilibaki wazi, nikamwomba Marcelino akae. Akaandika: Mzee Sila, mfua majembe, ana nguvu, hajui kukataa. Mkasa ulikuwa wa mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji aliyetumbukia kisimani, na mwenyekiti alikuwa Nasma, muuza mitumba wa pale pale Makambako.

"Kisima ni cha serikali," Nasma akasema, "mbuzi ni wangu. Nani anashuka?"

"Shuka mwenyewe, Mwenyekiti, hilo tumbo litakufanya uelee," akamjibu Nahumu, dereva wa lori.

"Mzee Sila anashuka," akasema Marcelino, na akacheka, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu mwaka uanze.

Akarusha dadu, ikatoka moja, na kwenye mchezo wangu moja ni balaa, kamba ikakatika, Mzee Sila akafa, mbuzi akapona. Kwa kawaida mtu akifa mchezoni, mwenye karatasi anaandika mwingine, tunaendelea, lakini mimi ni Mngoni, Wabena ni watani wetu, na Marcelino anaongea Kibena na ameoa Kitandililo, kwa Wabena, nikajua huyu ni mtani, basi nikafanya mazishi kama mtani anavyofanya, nikajilaza sakafuni nikasema jeneza halipiti mpaka niletewe kuku, nikasema marehemu alikuwa bahili, nzi akitua kwenye mboga yake alimfyonza miguu kabla ya kumwachia aende. Watu wa drafti waliacha meza zao wakaja kutazama. Hapa nasema kweli, Mama: niliona uso wa Marcelino umebadilika, nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wanacheka.

Alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaondoka.

Aliyenieleza ni Tabea, mpishi wetu wa kambini. Marcelino ni Mkinga wa Makete, na sijasikia popote kwamba Wakinga ni watani wetu. Sila ni jina la baba yake, aliyefariki Januari, mvua ikiwa imekata barabara, na barua ilimfikia Marcelino baba akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo mazishi ya baba yake aliyoyaona kwa macho ni hayo yangu.

Sasa ni wiki tatu tunavuta msumeno bila neno, na ameomba kwa msimamizi apewe mwenzake mwingine kuanzia mwezi ujao. Nilimwambia, "Ndugu yangu, ulikuwa mchezo tu." Akasema, "Najua," akaendelea kunoa msumeno. Sabasaba wananitaka tena Makambako. Je, niache mchezo huu kabisa? Na mwenzangu nimrudieje? Kwetu nitarudi Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, na sitaki kuondoka hivi.

Valeriani

JIBU

Marahaba, Valeriani mwanangu. Umesema kweli hata pale ambapo ungeweza kuficha, kwa hiyo nami sitakupaka mafuta.

Kabila hata mimi ningekosea. Lakini mtani angekurudishia papo hapo, angekutukania ukoo mzima mkacheka wote. Marcelino alinyamaza. Uliona, ukachagua vicheko vya watu wa drafti. Kisha ukamwambia ulikuwa mchezo tu, yaani msiba wake hauna uzito. Neno hilo usilirudie.

Jiulize kwa nini mtu aliyefiwa aandike jina la baba yake kwenye karatasi ya mchezo. Hakumleta azikwe. Alimleta amwone tena akishuka kisimani kumsaidia mtu, kwa kuwa hajui kukataa. Wewe ulimpa nafasi hiyo, kisha ukaifunika.

Mchezo usiuache. Watu waliochoka wanahitaji mahali pa kucheka na wasiowajua. Ila Sabasaba, kabla dadu haijaguswa, watangazie masharti mawili. Mtu yeyote akigeuza karatasi yake kifudifudi, mkasa unasimama na haulizwi kwa nini. Na mtu akifa mchezoni, mazishi yake anayapanga mwenye karatasi, wewe hapana.

Kwa Marcelino usitume wazee, usipeleke kuku, usingoje mwezi ujao. Jumamosi hii mkiweka msumeno chini, mwambie: niliona, nikaendelea, nimekosa. Usiongeze neno la kujitetea. Akitaka bado kubadilishiwa mwenzake, mwache aende na usimnunie. Akibaki amekaa, muulize baba yake alikuwa mtu wa namna gani, kisha funga mdomo mpaka amalize, hata kama itachukua na Jumapili nzima.

Mama Idda